Mwalimu Kontua Asawazisha Mlima

Jumatatu, 4 Desemba

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake aliyejifungua. Atakaa huko mpaka Jumapili. Shule imefungwa. Nyumba ni yangu! Yangu na Mama, yaani, lakini Mama ni mtu wa chumbani kwake.

Ameniachia agizo moja tu. Amelirudia mezani, amelirudia mlangoni, na mara ya mwisho amelisema akiwa ameshaketi kwenye gari, kichwa nje ya dirisha: nimtoe Mama chumba cha nyuma, nimlete chumba cha mbele, kabla mvua haijashika kasi. Kilima kilichopo nyuma ya nyumba kimeanza kutoa maji. Ukuta wa chumba cha Mama umelowa mpaka usawa wa mto wa kulalia. Mke wangu anasema kilima kile hakiaminiki. Nimemkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia, kwamba nafundisha mmomonyoko wa udongo, kwamba wanafunzi wenyewe wamenipa jina la Kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani. Akasema ndiyo maana ana wasiwasi.

Kuna tatizo dogo. Chumba cha mbele kina kompyuta yangu. Waya wa intaneti unafika hapo tu, hausogei hata hatua moja. Kitanda cha Mama kikiingia, meza yangu inatoka. Nimepima kwa futi ya fundi. Haviingii vyote viwili.

Na wiki hii ndiyo wiki ya shindano!

Naeleza kwa kifupi. Mchezo wenyewe ni wa kujenga bustani ya burudani. Unaweka mabembea, gurudumu kubwa, treni ya kupindua watu vichwa chini. Wageni wanaingia, wanapanda, wanatapika, wanapanda tena. Kila mwezi wenye mchezo wanatoa kiwanja kimoja kibaya, na wachezaji wote wanajenga kwenye kiwanja hicho hicho. Mwezi huu wametoa mlima. Mawe, mteremko mkali, korongo katikati, na sehemu tambarare isiyotosha hata kuanikia nguo. Mwisho wa kutuma kazi ni Jumamosi saa kumi jioni.

Shemeji naye anashiriki. Ni kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Mwezi uliopita kiwanja kilikuwa jangwa, akanishinda, akalisimulia jambo hilo mpaka msibani.

Mama nitamhamisha, bila shaka. Jumamosi, saa kumi ikishapita.

Jumanne, 5 Desemba

Siku mbaya. Nilijenga lango kileleni ili wageni waone mandhari wakiingia. Wameona. Kisha wakateremka korongoni, wakapanda gurudumu, na wakakataa katakata kupanda mlima kurudi. Umati mzima umekaa chini ya korongo umenuna. Ukibofya kichwa cha mgeni, mawazo yake yanatokea juu yake. Wote wanawaza miguu yao. Mmoja anawaza kwamba anataka kwenda nyumbani. Nimemwekea benchi.

Baada ya chai Mama alikuja kukaa nami. Anapenda kuwatazama. Nimeshamweleza kwamba si watu, lakini anasema mbona wanachoka. Alimwona mwanamke wa gauni la manjano anazunguka sehemu moja, akaniuliza anatafuta nini. Nikabofya. Anatafuta choo. Mama akasema masikini ya Mungu, mjengee. Nikamwambia choo kinaharibu mandhari, na mandhari ina alama zake. Mama akaitazama miguu yake. Halafu akasema hata yeye leo ameamka kandambili zimelowa chapachapa, zimeelea kidogo, lakini si neno, amezianika dirishani.

Mama hana makuu. Ni mgeni ambaye kila mwenye bustani angemtamani.

Nimempigia shemeji kumpeleleza, nikijitia kuuliza habari za mtoto mchanga. Kanieleza uzito wake, nywele zake, kilio chake, mpaka nikakaribia kukata simu. Mwishowe akaropoka mwenyewe. Lango kaliweka chini. Wageni wanapandishwa na viti vya kamba. Treni yake imesimama juu ya nguzo, na korongo lenyewe ndilo mteremko wa treni. Mlima hajaugusa. Ati anaufuata! Mlima ukienda kulia, naye kulia. Mwanaume mzima anaongozwa na mawe.

Mimi sifuati mlima. Kuna kitufe chenye picha ya beleshi, kinaitwa Sawazisha. Unakivuta tu, mlima unakatika wima na unabaki pale pale umesimama. Nimekata tabaka tatu kabla ya chakula cha mchana. Fedha za bustani zimeyeyuka, nimewafukuza wafagizi wote, njia zimejaa matapishi. Lakini ni tambarare!

Jumatano, 6 Desemba

Nimegundua siri ya mlima. Naiandika hapa kwa wino.

Ukiacha nafasi tupu ya mraba mmoja kati ya jengo na genge, ule ukuta wa mlima uliokatwa, wageni hawaogopi tena. Nilitaka uhakika. Nikajenga choo (yule mwanamke ameshaondoka, lakini nimekijenga) chini ya genge refu kuliko yote, nikawasha mvua ya mchezo, nikaiacha inyeshe huku nikinywa chai. Halikudondoka hata kokoto. Udongo ukikatwa sawasawa unatulia. Unachotaka ni kuonyeshwa nani bwana.

Wazo lilinijia nikiwa namwaga beseni la kukingia maji chumbani kwa Mama. Tatizo la chumba cha nyuma ni lile lile! Kilima kimeuegemea ukuta. Nikikikata wima na kuacha nafasi, ukuta unakauka, Mama anabaki kwake, meza yangu inabaki kwangu, mke wangu anafurahi. Sikuwahi kusikia mpango usio na mtu wa kulalamika. Nilijishangaa.

Nimevaa gambuti, nimechukua sururu. Kwanza matairi. Mke wangu alipanga matairi makuukuu chini ya kilima zamani kidogo, akayajaza mawe kwa mikono yake mwenyewe, mimi nikimpa ushauri kupitia dirishani. Yameota nyasi, yameingiana na mizizi, yanatia kinyaa. Kwenye mchezo tairi moja tu linakuangusha alama za mandhari. Nimeyang'oa yote. Kazi ya kiume! Kisha nikakata kilima kuanzia pembeni, wima kabisa, nikipimia kwa kamba yenye jiwe.

Jirani yetu, fundi cherehani, alichungulia juu ya ua akiwa na pini mdomoni. Akauliza nachimba nini, kaburi? Nikamjibu nasawazisha. Akasema kile kilima kilikuwa kimelala, mimi nimekisimamisha. Nikamwambia akashone. Ana mdomo huyo mama, na hajui kontua ni nini.

Mgongo wangu umekufa. Mama ameukanda kwa maji ya moto, akiniombea.

Alhamisi, 7 Desemba

Udongo niliokata ulikuwa umerundikana uani. Nikatazama huku na huku, nikaona mfereji ule wa kando ya nyumba, mrefu, mtupu, hauna kazi. Nimeumwaga wote humo, nikaushindilia kwa miguu. Sasa ua ni tambarare toka ukutani mpaka genge. Unaweza kucheza mpira. Nimesimama katikati yake mikono kiunoni na kwa kweli nilijisikia vizuri sana.

Wakati huo huo ujumbe wa mke wangu ukaingia. Naunakili: "Umesawazisha lile la Mama?"

Nikajibu: "Nimesawazisha. Tena vizuri kabisa."

Akajibu: "Mungu akubariki mume wangu. Nilikuwa silali."

Tazama hilo. Mwanamke hajanibariki tangu tulipopaka rangi jikoni.

Mchana akatokea shemeji. Alikuwa anapita kupeleka magodoro, gari limejaa mpaka juu. Nikajua moja kwa moja amekuja kuchungulia bustani yangu, nikafunika kompyuta na shuka. Lakini hakuuliza habari za bustani. Alitoka nyuma, akatazama genge langu, akatazama mfereji, akauliza maji yatapita wapi. Nikamwambia maji si mtoto, yatajua. Akarudi ndani na viatu vyake vyenye tope. Akasema shemeji, tumbebe Mama sasa hivi, robo saa tu, mimi kazi yangu ni kubeba magodoro, kitanda chake nakibeba peke yangu. Hiyo meza tutaiweka ukumbini, kompyuta utaichomeka siku nyingine.

Aha! Utaichomeka siku nyingine! Nimemsoma kama gazeti. Kompyuta izimwe siku mbili kabla ya mwisho, yeye aende nyumbani akamalizie bustani yake kwa raha. Ujanja wa kuuza magodoro huo, na mimi si mteja.

Nikamwambia haiwezekani, Mama mwenyewe amekataa kuhama.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwona. Shemeji akamgeukia, akamuuliza eti ni kweli, mama? Mama akanitazama kidogo. Akasema ndiyo, mwanangu, mimi nimekizoea chumba changu.

Mama hajawahi kuniumbua mbele ya watu. Tangu nikiwa mdogo. Nilimpenda sana wakati ule, nikamtengenezea chai yenye sukari nyingi.

Nafasi yangu kwenye shindano: ishirini na sita. Shemeji ni wa kumi na moja. Naandaa treni mpya.

Ijumaa, 8 Desemba

Mvua imeanza alfajiri, haijakata.

Treni mpya imekamilika. Inapita ndani ya genge na kutokea upande wa pili kwa kasi ya ajabu. Wageni wa kwanza walizirai wote. Nimeupunguza mwinuko, wamezirai nusu. Hiyo ni burudani. Nafasi ya kumi na tisa!

Mlango wa chumba cha Mama umegoma kufungika. Unyevunyevu, nadhani. Mbao hujaa maji. Nimechukua randa nikaupunguza ubavuni, ukafungika vizuri. Baada ya chakula cha mchana umegoma tena. Nimeupunguza tena. Jioni umegoma upande wa juu. Mlango huu una inda. Ukutani kumetokea ufa unaoingia kidole. Nimeuziba kwa gazeti na gundi, kisha nikasogeza kabati mbele yake ili Mama asipate hofu bure.

Mama anasema anasikia kilima kinakohoa. Mama, ambaye nikimwita kuja kula inabidi nimwite mpaka jirani aitike! Nikamwambia ni mvua. Akasema mvua anaijua, hii si mvua, ni kikohozi cha mtu mzima anayejizuia. Nimempelekea redio yangu ndogo, nikaongeza sauti. Sasa hasikii kitu. Ameshukuru.

Maji yamejaa uani. Yamesimama tu, hayaendi popote, kama wageni wangu wa Jumanne. Nimetazama kutoka dirisha la jikoni na nimeona kokoto chache zimelala kwenye ile nafasi tupu. Chache sana. Nafasi inafanya kazi yake.

Fundi cherehani amepiga kelele kutoka kwake akiniuliza kama yule mama bado yuko kule nyuma. Nikamjibu yuko salama. Akauliza salama wapi. Nikafunga dirisha.

Kesho saa kumi.

Jumapili, 10 Desemba

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi. Kalamu nimeiazima kwa muuguzi.

Jana mvua ilizidi. Baada ya chakula Mama alikuja chumba cha mbele na blanketi lake begani. Akasema godoro limeanza kulowa upande wa ukutani, anaomba akae kwenye kiti kile cha pembeni, hatasema neno. Lakini Mama akikaa husema. Huuliza huyu anatafuta nini, na yule mbona amelala njiani. Nami nilikuwa wa kumi na sita, treni imekwama, muda unayoyoma. Nikamwambia Mama, lala upande mkavu, saa kumi nakuja kukuchukua mwenyewe, na kitanda na kila kitu. Akasema haya, mwanangu. Akaondoka na blanketi lake.

Nilisikia mngurumo. Nilidhani treni yangu imeacha reli. Nikaisimamisha, nikaikagua behewa kwa behewa. Ilikuwa nzima. Halafu umeme ukakatika, nami nikapiga yowe la hasira. Yowe la umeme. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha nikasikia fundi cherehani analia mama wee, mama wee.

Nilikimbia ukumbini. Mlango wa Mama, ule nilioupunguza kwa randa, haukufunguka. Niliupiga kwa bega. Ulipong'oka na fremu yake nikaona udongo umejaa mpaka juu, mwekundu, una nyasi. Redio ilikuwa inaendelea kuimba humo ndani.

Tulichimba. Fundi cherehani aliruka ua na gauni lake la kazini. Shemeji alikuja mbio na gari, sijui nani alimwita, akachimba kwa ubao wa kitanda, akachimba kwa mikono. Mimi nilichimba na kulia. Nililia kama mtoto, sioni haya. Kabati lilikuwa limeangukia kitanda likaacha uwazi mdogo, na humo ndimo tulimkuta Mama, kinywa kimejaa udongo. Nikautoa kwa kidole. Akakohoa. Tukamlaza juu ya godoro jipya la shemeji, bado liko kwenye nailoni, tukampandisha garini, nikamshika mkono njia nzima.

Aliniuliza kama saa kumi imefika.

Daktari anasema nyonga imevunjika vibaya, na mguu. Nikauliza atatembea lini. Akatazama karatasi zake, akasema mama ni mtu mzima sana, mwalimu, tumshukuru Mungu anapumua. Nikauliza tena. Akaondoka.

Asubuhi hii simu yangu imelia. Matokeo. Kumbe mchezo uliituma bustani yangu wenyewe niliposimamisha treni, kabla umeme haujakatika. Nafasi ya kumi na saba! Nikatafuta jina la shemeji. Halipo. Nikatafuta mpaka mwisho wa orodha. Hakutuma. Aliacha kila kitu akaja kuchimba.

Amelala hapa benchi la pili, tope mpaka viwikoni, mdomo wazi. Nimemtazama muda mrefu. Nina huzuni ambayo siwezi kuieleza. Lakini nimemshinda.

Jumanne, 12 Desemba

Mke wangu alifika juzi. Hakunisalimia, alipita moja kwa moja wodini. Alipotoka alikuwa ameshika simu. Alinisomea ujumbe wangu mbele ya watu wote waliokaa ukumbini, polepole: Nimesawazisha. Tena vizuri kabisa. Akaniuliza nilisawazisha nini.

Nikamweleza. Nilijitahidi kuwa wazi, kama niko darasani. Nikamwambia sikusema uongo hata herufi moja. Yeye aliuliza kama nimesawazisha, mimi nilikuwa nimesawazisha, hata jirani ni shahidi. Kama alimaanisha kuhamisha, angesema kuhamisha. Kiswahili ni kipana. Mtu mwenye haraka hukosea neno, na hapo siwezi kumlaumu, alikuwa na mambo mengi ya mtoto mchanga.

 Alinitazama hivi, macho makavu, kwa muda ambao hata mfagizi wa hospitali aliacha kufagia. Kisha akauliza matairi yake yako wapi. Nikasema nimeyapanga vizuri karibu na lango. Akaketi, akanipa mgongo.

Jioni amesema neno moja tu. Amesema angekuwa na pa kumpeleka Mama, angeondoka naye leo hii. Mama yangu mimi! Anataka kuondoka na mama yangu! Nilimwambia shemeji hilo nikitegemea atanionea huruma. Akasema kwake kuna nafasi ya mtu mmoja, lakini kuna ngazi ndefu, na mama hawezi ngazi tena.

Nimeingia wodini kukaa na Mama. Ana uso mdogo sana. Nimemwambia nisamehe, Mama. Nimesema kwa moyo wangu wote, machozi yakanitoka. Ameupapasa mkono wangu. Ameniambia nisijali, nile, nimekonda. Kisha akanisihi kitu kimoja, akakirudia: nisikiguse tena kile kilima. Kikae kama kilivyo. Nikamwahidi.

Muuguzi amenitoa nje kwa sababu nilikuwa namliza mgonjwa.

Jumapili, 14 Januari

Mama amerudi nyumbani Ijumaa. Yuko chumba cha mbele. Shemeji aliitoa meza yangu na kukiingiza kitanda kwa muda mfupi kuliko ule aliousema, hata jasho halikumtoka. Mke wangu amepanga dawa dirishani. Mama anageuzwa kila baada ya muda ili ngozi isichubuke, na kugeuzwa kunamuuma. Hapigi kelele. Anashika ukingo wa kitanda tu na kufumba macho.

Mimi nimejipanga upya chumba cha nyuma. Nimefukua udongo kwa wiki mbili, nimeuziba ukuta ulioanguka kwa mabati na turubai, nimevuta waya wa intaneti kwa kuunga vipande vitatu. Kumbe uliweza kufika! Meza imeingia vizuri kabisa. Kuna ubaridi kidogo, na vumbi jekundu linadondoka kwenye kibodi, lakini nina kipanguso.

Mke wangu aliniona nikiingiza kiti humo. Nilitegemea atanizuia. Alisimama mlangoni, akatazama mabati, akatazama genge linaloonekana kwa juu pale turubai lisipofika. Akasema fanya upendavyo. Akafunga ule mlango. Sasa unafungika bila tabu, hauna fremu.

Nimekuwa na wakati wa kutafakari kilichotokea, kitaalamu, bila jazba. Jibu ni rahisi. Sikukata vya kutosha. Niliacha nafasi ya mraba mmoja, na mvua kama ile inataka miwili, labda mitatu. Tena nilikata kwa sururu, ukaachwa uso wenye mikwaruzo, maji yakapata pa kushika. Genge laini lisingethubutu. Nilimwahidi Mama sitakigusa kilima, na mimi ni mtu wa ahadi zangu. Lakini kilichobaki nyuma si kilima tena, ukiangalia vizuri. Ni nusu kilima. Sururu nimeinoa, iko nyuma ya mlango. Mvua zikikatika tu.

Kiwanja cha mwezi huu kimetoka leo asubuhi. Volkano! Majivu, mashimo, moshi, mteremko pande zote. Shemeji ameacha mchezo, nasikia, anasema hana hamu tena. Hiyo ni njia moja ya kukubali kushindwa. Uwanja ni wangu mwaka huu.

Mama anaita. Anaita kwa jina langu la utotoni, anasema mwanangu njoo unigeuze, mkeo ametoka kuanika. Nimemjibu nakuja Mama. Ndiyo kwanza ramani inafunguka, ukiiacha katikati inaanza upya.

Ameita tena, taratibu. Nimesema nakuja, saa kumi na nusu nakuja.

Nimesikia mlango wa uani, beseni likiwekwa chini, na miguu ya mke wangu ikipita haraka. Mama amelia kidogo akigeuzwa.

Udongo wa volkano, wanasema, ni mgumu kuliko wote. Nimeshika beleshi. Naanza kwa kukata.